Chenji ya Mia Sita

Maiti ilikuwa imelala kifudifudi chini ya dungu, miguu kwenye maji, uso kwenye tope. Kisogo kilikuwa kimepasuka. Nzi walifika kabla ya polisi, na wala si ajabu, maana nzi hawasubiri mafuta ya gari.

Polisi walisubiri. Taarifa ilitoka Mbuchi Alhamisi alasiri. Inspekta Waride Sadallah wa Upelelezi, Kibiti, alifika Ijumaa saa tatu asubuhi, suruali imelowa hadi magotini na hasira imemfika kooni. Gari lilikuwa limekwama mara mbili njiani. Mara ya tatu wakalitupa hapohapo, wakapanda boti.

"Nani huyu?" aliuliza.

"Sufiani Abdulrazaq, afande," alijibu Koplo Ukasha, msaidizi wake. "Wakala wa benki hapa kijijini. Na shamba hili ni lake."

"Tangu lini?"

"Tangu Machi, wanasema. Alinunua."

Waride alizunguka lile dungu taratibu. Lilikuwa kama madungu yote ya huku delta: kibanda kidogo juu ya miti mirefu, ngazi ya vijiti, mahali pa kukaa mtu akafukuza ndege na nguruwe mpaka mpunga uvunwe. Nusu ya shamba ilikuwa imeshavunwa. Magunia kumi na moja yalisimama juu ya dungu, yamefungwa vizuri.

"Wavunaji walikuwa wapi?"

"Walivuka mto kwenda kula na kuswali. Walipoondoka alikuwa hai, yuko juu anahesabu magunia. Wa kwanza kumwona amekufa ni huyu Mussa, mtega kaa."

Mussa alikuwa amechuchumaa kando ya mgambo wawili waliokesha na maiti. Macho mekundu, mdomo mkavu.

Begi la marehemu lilikuwa palepale kwenye ngazi ya chini, zipu imefungwa. Waride alivaa glavu, akalifungua. Alitazamia tope na karatasi. Akakuta pesa.

"Ebo!" Ukasha alisema. "Kaua, kaacha hela?"

"Hesabu."

Ndani kulikuwa pia na daftari la wakala. Sufiani alikuwa mtu wa mwandiko safi, hilo lazima tumpe. Kila aliyeweka na kila aliyetoa aliandikwa. Mstari wa mwisho ulisema: Alhamisi, saa sita na nusu mchana, taslimu mkononi, milioni tatu na laki moja na arobaini elfu.

Ukasha alihesabu noti mara mbili. "Milioni moja, laki nane na sitini na tatu elfu. Imepungua milioni moja, laki mbili na sabini na saba elfu."

"Na hiki nini?"

Chini kabisa ya begi kulikuwa na fundo dogo la kitambaa cheupe kilichochanwa. Waride alilifungua. Ndani mna sarafu mbili, ya mia tano na ya mia.

"Labda akiba yake," Ukasha alisema.

Mussa akacheka kwa uchungu kule aliko. "Sufiani na sarafu? Sufiani hapokei sarafu, dada. Ukimpelekea za mia mia anakwambia kampe mwuza karanga."

Waride alizitazama zile sarafu kiganjani muda mrefu. Kisha akatoa kalamu, akapiga hesabu kwenye kona ya daftari lake. Noti zilizochukuliwa, toa mia sita zilizoachwa. Ikabaki milioni moja, laki mbili, sabini na sita elfu na mia nne.

"Koplo, umewahi kuona jambazi anayerudisha chenji?"

Ukasha hakuwahi kuona.

*

Daktari wa hospitali ya wilaya alimaliza uchunguzi wa maiti jioni hiyohiyo.

"Pigo moja, kisogoni," alisema. "Mbao nzito yenye ubapa na ukingo mwembamba. Kafi la mtumbwi linafaa kabisa."

"Alikuwa amesimama?"

"Anateremka ngazi, amempa mpigaji mgongo."

"Inataka mwanamume mwenye nguvu?"

"Inataka mtu aliyezoea kafi." Daktari alivua glavu. "Na Mbuchi nzima imezoea kafi, Inspekta. Pole."

Mussa alihojiwa Kibiti. Majirani walikuwa wameshasema kwamba mwezi Aprili alimkunja Sufiani shati mbele ya duka.

"Mligombania nini?"

"Kumi yangu ya mia."

"Sema tukuelewe."

"Benki ilitukata, dada. Watu arobaini na mmoja. Tuliambiwa tumekopa. Mimi sijakopa! Hela ya ufuta ikiingia, inamezwa. Sufiani akatuandikia malalamiko, mwezi wa kumi na moja, tukatia madole gumba. Akasema anafanya kwa ajili ya Mungu. Benki ikakubali makosa, ikanirudishia laki nane na nusu. Naenda kutoa, Sufiani kashakata elfu themanini na tano. Nauliza, kwa ajili ya Mungu gani huyo anayekata?"

"Ukamuua?"

"Ningekuwa ni mimi, ningeacha begi?" Mussa alimkazia macho. "Nina watoto sita. Ningebeba na begi lenyewe, ni zuri."

Waride alimwamini. Hilo nalo lilimkera, maana alikuwa hana mwingine.

*

Jumamosi Sufiani alirudishwa Mbuchi kuzikwa. Waride alikwenda. Alijifunga kanga juu ya suruali, akaingia ndani kwa wanawake, akakaa kwenye jamvi karibu na mfiwa.

Ashura, mke wa Sufiani, hakuwa akilia tena. Alikuwa amefika pale mtu anapokaa akatazama ukuta. Walikuwa wakimtayarisha kuanza eda, ile miezi minne na siku kumi ambayo mjane hukaa ndani, hatoki, hajipambi, hasemi na mwanamume ila nyuma ya pazia. Ikaonekana hana nguo nyeupe ya kuvaa. Kifo cha ghafla hakimpi mtu nafasi ya kununua nguo.

Mama mmoja mwembamba akafungua kifurushi chake. "Mvisheni hii. Mimi nimetoka eda Jumapili iliyopita, siihitaji tena."

"Ahsante, Bi Mwanaharusi," wanawake walisema. "Mungu akulipe."

Akamfunika Ashura mwenyewe, akamweka sawa mabegani, akampapasa kichwa. Ashura akaegemea kifua chake, akalia upya. Waride aliona pindo la ile nguo limechanika upande mmoja. Aliliona kama unavyoona kuku anapita uani.

Nje, kabla jeneza halijainuliwa, kaka wa marehemu alisimama. Abdulhalim, mtu mnene, sauti nzito.

"Ndugu zangu, marehemu alikuwa mtu wa biashara. Anayemdai aje kwetu familia, atalipwa. Anayedaiwa naye aje, asimle maiti. Dawa ya deni kulipa."

Waride aliyatega masikio ndani. Watatu walijitaja. Wa nyavu, wa mafuta ya boti, na Mussa na elfu zake themanini na tano, bila haya. Hakuna aliyetaja milioni moja na laki mbili.

Bila shaka, alifikiri. Huyo alishajilipa.

*

Jumatatu asubuhi alikuwa mlangoni mwa Benki ya Mto, tawi la Kibiti, kabla mlinzi hajafungua. Meneja wa tawi, Bi Nasra, alikuwa mwanamke nadhifu, maneno yake nadhifu vilevile. Uso wake ulikuwa umechoka.

"Nieleze hizi pesa mlizowakata watu wa Mbuchi," Waride alisema. "Nieleze kama unamweleza bibi yako."

"Akaunti za wakulima zina ada ya mwezi. Ufuta ukiisha, akaunti inabaki na elfu mbili, tatu. Mfumo unakuja kukata ada, haukuti kitu, unakata hivyohivyo. Akaunti inakwenda hasi."

"Halafu?"

"Mfumo unahesabu kwamba mteja ametoa zaidi ya alichonacho. Ovadrafti. Unamtoza faini. Faini inaongeza hasi. Hasi inaongeza faini."

"Na mteja yuko shambani."

"Yuko shambani, hana habari."

"Kwa hiyo mtu anadaiwa kwa sababu ya kudaiwa."

Bi Nasra alitazama mikono yake. "Ilikuwa kosa letu. Tulikubali kwa maandishi. Februari tulizifuta zote, na waliokatwa tuliwarudishia. Barua arobaini na moja tulimpa wakala akazigawe, na daftari la kusaini."

"Hapo kuna aliyedaiwa milioni moja, laki mbili, sabini na sita elfu na mia nne?"

Meneja alishusha kidole kwenye orodha. Waride alikitazama kile kidole kikishuka. Kikasimama.

"Yupo. Abbasi Mfaume. Yeye alikuwa hajakatwa kitu, alikuwa anadaiwa tu. Deni lote lilifutwa tarehe ishirini na nne Februari."

"Nipe daftari la barua."

Sahihi za watu wa Mbuchi zilikuwa nyingi za dole gumba, wino wa buluu. Mbele ya jina la Abbasi Mfaume palikuwa na dole, na tarehe sita Machi. Waride akaomba na yale malalamiko ya Novemba. Akaweka karatasi mbili bega kwa bega. Wala hapakuhitaji mtaalamu. Dole la Novemba lilikuwa na mstari mweupe uliolikata katikati, kovu la zamani. Dole la Machi halikuwa na kovu.

"Watu wawili," Ukasha alisema.

"Huyu Abbasi mwenyewe yuko wapi?" Waride aliuliza.

Bi Nasra alinyanyua uso. "Alifariki, Inspekta. Mwanzoni mwa Februari. Mkewe ndiye aliyetwambia alipokuja."

"Alikuja lini?"

"Jumanne iliyopita." Sauti ya meneja ikashuka. "Alitaka karatasi ya kuonyesha kwamba deni la mumewe limelipwa. Nikamwambia, mama, hatujapokea hata senti, wala hakuna deni, lilifutwa zamani. Akaniomba nirudie. Nikarudia. Akanishukuru, akaondoka. Hakupaza sauti. Nilifurahi moyoni, nikasema afadhali leo nimempa mtu habari njema."

Jumanne. Na Alhamisi Sufiani akafa.

"Anaitwa nani huyo mama?"

"Bi Mwanaharusi."

Waride alikumbuka nguo nyeupe na pindo lililochanika.

*

Alama ya dole la Machi ililinganishwa na vidole vya marehemu vilivyochukuliwa hospitali. Jibu lilikuja siku hiyohiyo. Lilikuwa dole la Sufiani. Alijisainia barua ya maiti, akaiweka mfukoni.

Jumanne waliingia Mbuchi. Walimkuta Bi Mwanaharusi uani, anatwanga mpunga. Mpunga wa watu, kwa ujira. Kafi lake liliegemezwa ukutani, kila mtu anaweza kuliona.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibuni." Aliweka mchi chini, akatandika mkeka. "Nilidhani mngekuja juzi."

Ukasha aligeuza uso pembeni. Waride alikaa, akamwonya kama sheria inavyotaka: ana haki ya kunyamaza, na atakalosema litaandikwa. Kisha akatoa kile kitambaa ndani ya mfuko wa vielelezo.

"Unakijua hiki?"

"Pindo la nguo yangu ya eda. Nilikuwa nafungia nauli."

"Nguo yenyewe iko wapi?"

"Kaivaa Ashura. Umemwona."

"Nimemwona. Mama, Alhamisi alasiri ulikuwa wapi?"

"Shambani kwangu." Akasita, akajisahihisha. "Shambani kwa Sufiani."

"Ulimpiga?"

"Nilimpiga."

"Na nini?"

"Na kafi. Lile pale."

"Hukulitupa?"

"Ningerudi nyumbani na nini?"

Mpaka hapo, kwa polisi, kazi ilikuwa imekwisha. Aliyeua amepatikana, silaha imepatikana, amekiri bila kuguswa. Lakini Waride alikuwa binti wa kijiji cha Chumbi, mamake alikaa eda akiwa na watoto wanne, na kuna swali lililokuwa linamkaa rohoni tangu Ijumaa.

"Kwa nini ulirudisha chenji?"

"Kwa sababu haikuwa yangu." Mama alimshangaa. "Begini hamkuwa na sarafu. Noti ya elfu ilizidi kwa mia sita. Ningeichukua ningekuwa mwizi. Mimi si mwizi."

"Hesabu hiyo uliijuaje?"

"Nimeitaja miezi minne, kila baada ya swala. Naijua kama Alhamdu."

Akasimulia, mikono magotini, bila haraka.

Abbasi alikufa akilitaja deni la benki. Hakutaja mke, hakutaja watoto waliotangulia, alitaja benki. Siku ya mazishi likatangazwa tangazo: anayemdai marehemu ajitokeze. Sufiani akasimama mbele za watu, akasema benki inamdai, akazitaja mpaka zile mia nne.

"Nilizisikia nikiwa ndani," alisema. "Na sisi tulifundishwa utotoni, mwanangu, nawe ulifundishwa. Roho ya mwenye deni inaning'inia. Haipandi wala haishuki mpaka alipiwe. Nikalala nikimwona mume wangu ananing'inia. Unajua miezi minne ya kumwona mtu wako ananing'inia?"

"Kwa nini hukwenda benki ukauliza?"

"Nilikuwa eda! Nitoke vipi? Nipande gari na wanaume niende Kibiti? Sufiani alijua." Kwa mara ya kwanza sauti ilipanda, ikashuka. "Mwezi Machi, kabla ya arobaini, alikuja na shahidi wake. Wakakaa nje ya pazia. Akasema, mama, benki hainunui shamba, mimi nitalinunua kwa kiasi hichohicho cha deni, nilipe leo, marehemu apumzike leo. Ekari tatu, mwanangu. Watu walishatutajia milioni tano tukakataa. Nikapitisha mkono chini ya pazia, wakanipaka wino, nikatia dole. Nikalala usingizi siku ile. Nilimwombea Sufiani dua."

"Na barua ya benki alikuwa nayo."

"Kumbe alikuwa nayo. Yeye mwenyewe ndiye aliyemwandikia mume wangu malalamiko. Alijua hakuna deni. Hakulipa popote. Alichukua shamba bure, akaniachia mume wangu juu."

"Siku uliyotoka eda?"

"Nilikaa siku moja nioge, nijisitiri. Nikaenda Kibiti nipewe karatasi, nimsomeshee pale kaburini, asikie kwamba limekwisha. Yule binti wa benki akaniambia hapakuwa na deni. Akatabasamu. Nilirudi Mbuchi sijui nimepanda nini."

"Ukaenda kumwua."

"Nilikwenda kumdai. Nilimngoja Alhamisi, wavunaji wakavuka kwenda kula, nikavuta mtumbwi wangu mpaka pale. Alikuwa juu ya dungu. Dungu kajenga mume wangu, kila mti pale naujua kwa jina. Nikamwambia, Sufiani, nirudishie shamba. Akasema, karatasi ina dole lako, mama. Nikamwambia, basi nipe ile hela uliyosema umelipa. Akacheka."

"Akasema nini?"

"Akasema, mama, maiti hadaiwi. Kule aliko hana habari. Wewe mwenyewe ndiye uliyejitia kihoro."

Kuku walikuwa wanadonoa mpunga uliomwagika kinuni. Hakuna aliyewafukuza.

"Miezi minne na siku kumi," alisema. "Niliomba aachiliwe, kumbe hakufungwa na mtu. Na huyu alipita kila Ijumaa nje ya pazia, salamu alaikum mama, unaendeleaje mama, akijua. Akateremka ngazi, kanigeuzia mgongo, kana kwamba maneno yamekwisha. Kafi lilikuwa mkononi. Sikusema ngoja niue. Wala sikusema nisiue."

"Halafu ukahesabu."

"Nilihesabu. Nimeuza mpunga sokoni miaka thelathini, hela hainibabaishi. Sasa shamba ni lao halali, nimeshalipwa bei yake. Ashura avune." Akanyanyuka, akaingia ndani, akatoka na kifurushi cha kanga. "Zipo zote. Sijala hata mia."

Waride aliona huruma, akajichukia kwa kuiona, kisha akajichukia kwa kujichukia. Kuna mtu alikuwa amezikwa Jumamosi. Kuna mjane mwingine nyuma ya pazia jingine. Alisema lililobidi kusemwa.

"Wewe si mwizi, mama. Lakini umeua."

"Hilo najua. Deni hilo nalijua. Ndiyo maana sikukimbia." Alijifunga kanga vizuri, akaufunika mpunga wa watu kwa ungo. "Mwambieni mwenyewe aje auchukue. Umebaki nusu kutwangwa."

*

Kituoni Kibiti Koplo Ukasha aliandika maelezo ya onyo, kurasa nne. Alipomaliza akasogeza karatasi na kidau cha wino. Bi Mwanaharusi alinyoosha mkono, dole limeshatangulia. Halafu akaurudisha mkono.

"Nisomeeni kwanza."

"Ni hayohayo uliyosema, mama," Ukasha alisema.

"Nisomeeni."

Waride aliichukua karatasi, akasoma mwenyewe, pole pole, kuanzia jina mpaka nukta ya mwisho. Mama alisikiliza ameinamisha kichwa.

"Hamkuandika chenji."

"Tumeandika ulichukua milioni moja..."

"Andikeni nilirudisha mia sita."

Ukasha aliandika. Waride akasoma tena, yote, tangu mwanzo. Ndipo mama akatia dole. Ukasha akampa kitambaa afute wino, naye akawa anafuta huku anamtazama Waride.

"Mwanangu, nina neno moja. Mwambie Ashura asitie dole kwenye karatasi yoyote mpaka atoke eda. Hata akija nani. Hata akitaja deni gani. Mwambie mimi nimesema."

"Nitamwambia, mama."

Jumatano Waride alishinda kutwa mahakamani, mtuhumiwa akasomewa shtaka la mauaji, akarudishwa rumande. Alhamisi akapanda boti, peke yake, bila Ukasha. Hakuna aliyemtuma.

Nyumba ya Sufiani ilikuwa kimya. Pazia la kanga limening'inizwa mlangoni. Waride angeweza kuingia, yeye ni mwanamke, lakini alikaa kwanza nje, kwenye kigoda kilichokuwa kimewekwa pale. Akabisha hodi, akajitambulisha, akatoa salamu za pole. Kisha akasema alichotumwa, neno kwa neno.

"Dada," sauti ya Ashura ilitoka, nyembamba, "shemeji Abdulhalim alikuja jana."

"Alikuja na nini?"

"Karatasi. Ya shamba lile la mpunga. Alisema ni kwa ajili ya madeni ya marehemu, yalipwe upesi, asiteseke."

Waride alitazama kile kigoda alichokalia. Kilikuwa kimesogezwa karibu kabisa na pazia, na chini yake, kwenye sakafu, palikuwa na tone la wino wa buluu.

"Alikusomea?"

Chini ya pazia mkono wa Ashura ulitokea, ndani ya ile nguo nyeupe yenye pindo lililochanika, ukaligeuza juu dole gumba, bado la buluu, ili Waride alione.